Kidato cha tatu, Novemba, na hesabu iliyowekwa pembeni: kisa cha darasa moja Moshi

Kisa hiki kinahusu mkondo wa sanaa, kidato cha tatu, kwenye sekondari moja ya kata upande wa juu wa Moshi, kule barabara inapoanza kupanda na migomba inakuwa mingi kuliko nyumba. Jina la shule, mwaka na majina ya watu nimeondoa, na vitu vidogovidogo nimevibadilisha ili wenyewe wasijulikane. Mimi nilikuwa nafundisha Jografia hapohapo. Mwalimu wa hesabu nitamuita Madam kama wanafunzi walivyokuwa wanamuita, ameshaisoma hii na amekubali iandikwe.

Hali ilivyokuwa

Kidato cha tatu ni mwaka wa ajabu, mwaka jana yake mtoto alikuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili, mwaka ujao ana wa kidato cha nne, huu wa katikati hauna kitu kinachomtisha mtu. Mpaka Septemba wanajikaza. Wakirudi kwenye likizo fupi ile ya Septemba ndo unaona darasa limelegea, na kwa hesabu inaanza mapema zaidi kuliko masomo mengine.

Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu wa kuajiriwa, yani Madam, na kijana mmoja wa kujitolea aliyemaliza chuo anasubiri ajira. Wawili hao vidato vyote vinne. Mkondo wa sanaa ulikuwa na watoto zaidi ya hamsini na pindi zao mbili za mfululizo za hesabu zilikuwa zimepangwa baada ya chakula cha mchana. Anayejua makande na jua la saa nane sihitaji kumweleza zaidi.

Mada zilizobaki kwenye mtaala waliokuwa wanautumia zilikuwa duara, dunia kama tufe, na akaunti. Kwa mpangilio wa silabasi akaunti ndo ya mwisho kabisa, kwahiyo shule nyingi huwa inafundishwa haraka haraka au haifundishwi, inasubiri kidato cha nne.

Dalili, na hatua za kwanza

Mwanzoni mwa Oktoba Madam aliona mambo matatu kwa pamoja. Homework zinakuja chini ya nusu ya darasa. Kwenye jaribio la duara kuna watoto waliandika jina, wakachora mduara mzuri kabisa kwa kompasi, wakarudisha karatasi. Na la tatu ambalo ndo lilimuuma, wale wa katikati, wale wa alama ishirini na kitu ambao walikuwa wanahangaika mwaka mzima, nao wakaacha kuuliza maswali.

Uongozi wa shule ulijibu kama shule nyingi zinavyojibu. Kwanza fimbo, mwalimu wa zamu akaanza kukagua homework za hesabu asubuhi mstarini. Ndani ya wiki homework zikaanza kuja zote, na zote zimefanana mpaka na pale palipokosewa. Alafu zikatangazwa zawadi, daftari kubwa na kalamu kwa watatu wa kwanza, na wale watatu kila mtu alikuwa anawajua kwa majina kabla jaribio halijafanyika kwahiyo hamsini waliobaki hiyo haikuwahusu kabisa. Alafu akaletwa mgeni, kijana aliyesoma hapo zamani sasa hivi ni injinia, akaongea vizuri sana, akasema hesabu ni rahisi ukiamua na kwamba yeye alikuwa anapenda kutatua maswali mpaka usiku. Watoto walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma na nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "si umeona, hii ni ya watu wa sayansi."

Remedio, yani masomo ya ziada ya Jumamosi, nayo ilijaribiwa ikaja na watu kumi hivi, walewale wasioihitaji sana.

Madam alipowauliza

Siku moja aliingia darasani bila chaki, akakaa kwenye dawati la mbele, akasema leo hatufundishani, nataka mnieleze, na hakuna atakayeadhibiwa. Kimya. Baadae chalii mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huwa anaongea kwa kuchekesha tu, akasema kwa adabu zote: "Madam, samahani lakini, hesabu tumeshaipigia hesabu. Daraja wanachukua masomo saba yaliyo bora. Hesabu tunaiacha, tunakazana na mengine."

Darasa zima likaitikia. Madam aliniambia baadae staff kwamba hapo ndo aligundua haongei na watoto wavivu, anaongea na watoto waliofanya maamuzi.

Na maamuzi yenyewe yana mantiki. Ni kweli daraja la kidato cha nne linahesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na jumla 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne, kuanzia 34 ni sifuri. Tena kitaifa kwa miaka mingi somo hili limekuwa linafaulisha sehemu ndogo tu ya watahiniwa, kwahiyo mtoto anayesema "naacha" anaona yuko na watu wengi.

Shida iko sehemu moja tu, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Mantiki hiyo ni ya mkondo wa sayansi. Kwa mtaala ule mwanafunzi wa sayansi alikuwa na masomo ya lazima saba, yani hesabu, Kiingereza, Kiswahili, Jografia, Historia, Uraia na Baiolojia, alafu anaongeza Fizikia na Kemia, jumla tisa. Akitupa mawili yaliyo mabaya zaidi bado anabaki na saba. Wa sanaa kwenye shule hii somo la nyongeza lilikuwa moja tu, Maarifa ya Biblia, na lilikuwa na watu wachache. Wengi wa darasa lile walikuwa na masomo saba. Saba kamili. Hamna cha kutupa!

Pindi ya pointi

Madam alichukua matokeo ya nusu mwaka, akafuta majina, akaandika ubaoni mstari wa mwanafunzi mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa hivi: Historia C, Kiswahili C, Kiingereza C, Uraia D, Jografia D, Baiolojia D, hesabu F. Akawaambia jumlisheni. C tatu ni 9, D tatu ni 12, F ni 5, jumla 26. Daraja la nne.

Akafuta ile F akaweka D. Jumla 25. Daraja la tatu.

Sasa huyo mwenye mstari alikuwa anataka HKL kidato cha tano, yani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na C zake tatu za Historia, Kiswahili na Kiingereza zipo, kila kitu kipo, kinachomzuia ni pointi moja ya somo ambalo ameamua halimhusu, kwasababu nafasi za kidato cha tano za serikali zinaangalia daraja la kwanza mpaka la tatu. Dada mmoja wa dawati la tatu aliutambua kuwa ni wake na akanyoosha mkono, "Madam, huyo ni mimi." Alikuwa hata haoni aibu, alikuwa amekasirika. Akauliza kwanini hakuambiwa kidato cha pili mwisho, wakati wanachagua mikondo.

Swali zuri na hakuna aliyekuwa na jibu.

Wakaendelea kufanya mistari mingine. Sio wote hali ilibadilika, na Madam hakuwaficha, kuna mstari mmoja ulikuwa na jumla ya 31 na F ya hesabu kuwa D ingeipeleka 30, daraja lilelile. Nadhani kuwaonyesha na hiyo ndo kulifanya waamini ile ya kwanza.

Mpango wa thelathini

Hatua iliyofuata ilikuwa kukubaliana lengo, na hapa palikuwa na ubishi kati ya walimu. Mtaaluma, yani mwalimu wa taaluma, alitaka lengo liwe C, anasema ukimwambia mtoto alenge D umemdharau. Madam akasema D inaanzia alama 30 na hawa wana 12, 17, 22, ukiwaambia 45 watapiga makofi kama walivyompigia injinia. Alishinda kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuchukua lile darasa badala yake.

Akawaonyesha karatasi ya taifa ilivyokaa: maswali 14, sehemu A maswali kumi ya alama 6 kila moja, sehemu B manne ya alama 10 kila moja. Maswali matano ya sehemu A ukiyafanya yote sawasawa ni 30. Na hatua zina alama zake, hata jibu la mwisho likikataa. Kila mtoto akachagua mada anazoona anaweza kuziweza, akaziandika nyuma ya daftari. Takwimu ilichaguliwa na wengi sana, na seti pia.

Alafu Madam akafanya vitu vitatu vya kiutendaji. Akabadilishana pindi na mwalimu wa Kiswahili ili ile ya baada ya makande iende asubuhi. Akapindua mpangilio wa mada, akaanza na akaunti kabla ya dunia, kwasababu akaunti haidai ujue kosaini wala duara, inadai kujumlisha, kutoa na utaratibu. Na akaacha homework za maswali kumi, akaweka swali moja kwa siku, linasahihishwa na kurudishwa kesho yake asubuhi. Hilo la mwisho liliwezekana kwasababu ya yule kijana wa kujitolea, walikuwa wanagawana daftari saa za chai.

Akaunti ilikwenda vizuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Kuna watoto wa wafanyabiashara wa masoko ya Mbuyuni na Memorial mle ndani, mmoja mama yake anauza mitumba Memorial na yeye ndo huwa anamwandikia daftari la madeni. Alipoelewa kwamba debiti na krediti ni kitu anachokifanya kila Jumapili jioni kwa penseli, akawa mwalimu wa safu nzima. Maswali yanaandikwa Kiingereza na hapo wengi walikuwa wanakwama kabla hata ya hesabu yenyewe, kwahiyo Madam akawa anaanza kila swali kwa kumtaka mtu mmoja asimame alieleze kwa Kiswahili kama anamwelekeza mtu dukani kwa mangi, nani kanunua, kwa mkopo au taslimu, mzigo gani umebaki.

Moshi mpaka Arusha

Dunia kama tufe ndo ilileta kelele darasani, kelele nzuri. Nilimpa pindi moja ya Jografia tukafundisha pamoja. Moshi na Arusha ziko karibu latitudo moja, kama nyuzi 3 na dakika 21 kusini, Moshi longitudo 37 na dakika 20, Arusha 36 na dakika 41. Tofauti ni dakika 39, yani nyuzi 0.65. Gawa kwa 360, zidisha na mzingo wa dunia kwa nusukipenyo cha kilomita 6400, zidisha na kosaini ya latitudo, unapata kilomita 72 na kidogo.

Darasa likachafuka. "Madam sio kweli, kosta ya Arusha ni themanini!" Na ni kweli kwa barabara ni kama kilomita 80. Wakabishana karibu pindi nzima, mmoja anasema nusukipenyo kimekosewa, mwingine anasema barabara haikunyooka, inashuka Bomang'ombe, inapita njia panda ya KIA, Usa River, Tengeru, na formula inapita juu ya mashamba ya watu bila kuuliza. Alafu yule chalii wa nyuma akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza: kama kosaini ya nyuzi 3 ni karibu moja, kwanini tunaiweka? Madam akamwambia peleka miji hiyo hiyo latitudo 60, kosaini ni nusu, zile dakika 39 zinakuwa kilomita 36. Mimi nikaongezea la jua, kwamba Kigoma na Dar zimeachana karibu nyuzi 10 za longitudo na kila digrii ni dakika nne, ndo maana wa Kigoma wanafuturu kama dakika arobaini baada ya Dar wakati saa za ukutani zinasema kitu kimoja.

Wiki za mtihani wa taifa

Alafu Novemba ikafika. Madarasa yakachukuliwa, madawati yakahamishwa, kidato cha tatu na cha kwanza wakaambiwa wakae nyumbani kipindi cha mwanzo, na Madam akapangiwa kusimamia mtihani shule nyingine. Hii hutokea kila mwaka, ila kila mwaka mipango inaandikwa kama vile haitatokea.

Aliacha karatasi za swali moja kwa siku na makundi ya wanne wanne kwa jinsi wanavyoishi. Makundi ya karibu na barabara yalikutana, lile la dada wa HKL na lile la mtoto wa Memorial yalileta karatasi zote. Ya juu huko, ambako mtu na mwenzake wametenganishwa na korongo na mvua za vuli zimeanza, hayakukutana kabisa. Na wavulana kadhaa walipata vibarua. Uchagani Novemba ni mwezi wa kupaka rangi, kufyeka na kukarabati, wenye nyumba wanakuja Desemba kutoka Dar na kwingine na wanatuma hela mapema. Mtoto aliyeshika pesa ya kupaka rangi ukuta wiki mbili, kumrudisha kwenye alama 30 za mwakani sio kazi ndogo. Watatu hawakurudi mpaka siku ya mtihani wa kufunga mwaka, na yule chalii wa swali la kosaini alikuwa mmoja wao.

Matokeo

Nusu mwaka waliofika 30 walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mtihani wa kufunga mwaka walikuwa karibu theluthi ya darasa. Hakuna A, C zilikuwa chache. Dada wa HKL alipata D. Wale waliokuwa chini kabisa, alama tano, alama nane, hawakusogea kwa maana yoyote.

Mahudhurio kwenye pindi za hesabu yalipanda Oktoba, yakashuka tena baada ya mapumziko ya mtihani, ila hayakurudi chini kama Septemba.

Uchambuzi

Kwangu mimi kilichobeba kisa hiki ni ile pindi ya pointi. Watu wanasema wanafunzi wanakosa motisha kana kwamba motisha ni maji yamepungua kwenye tenki ukaongeze. Hawa walikuwa nayo, waliihamishia kwenye masomo sita kwa sababu inayoeleweka, ila imejengwa juu ya taarifa ya mkondo mwingine. Fimbo, zawadi na mgeni vyote vilijaribu kuongeza hamu na hakuna kimoja kilichogusa ile sababu. Na angekuwa hajawauliza asingeijua, maana mtoto wa sekondari hawezi kukufuata ofisini kukuambia "shikamoo mwalimu, somo lako nimelifuta."

Cha pili ni kurudisha daftari kesho yake. Hiki huwa hakisifiwi kwasababu hakina mbwembwe, lakini mtoto aliyekosea Jumatatu akaona Jumanne asubuhi kwamba hatua mbili kati ya tatu zilikuwa sahihi, anajaribu tena. Akiona wiki ya tatu ameshasahau alikuwa anawaza nini. Gharama yake ni mikono, na hapa mkono wa pili haukuwa unalipwa.

Kupindua mada nako kulisaidia, ila kunahitaji tahadhari. Akaunti kwanza iliwapa ushindi mapema. Hapohapo, sehemu ya ongezeko la alama ni swali la akaunti lililokuwa kwenye mtihani likiwa bado la moto kichwani, kwahiyo asitokee mtu akasema darasa limejua hesabu. Limejua mada kadhaa vizuri.

Pindi ya Moshi na Arusha ndo ninayoikumbuka kuliko zote na ndo iliyoleta alama chache zaidi. Nimepitia karatasi zao za kufunga mwaka, swali la tufe wengi walichora mchoro sahihi, wakatoa longitudo sahihi, wakaisahau kosaini. Pengine kwasababu kwenye mfano wetu kosaini haikubadilisha chochote! Ningeulizwa ningesema ubishi uanzie kwa miji miwili ya latitudo ya mbali alafu ndo uje nyumbani. Uchangamfu wa darasa ulikuwa wa kweli, lakini ulihitaji pindi nyingine ya maswali makavu nyuma yake, na pindi hiyo ililiwa na maandalizi ya mtihani wa taifa.

Lengo la D bado linabishaniwa kwenye staff ile. Mtaaluma ana hoja, kuna watoto wawili watatu ambao walikuwa na uwezo wa C na walipofikisha maswali yao matano wakafunga karatasi. Kwao lengo lilikuwa dari. Madam mwenyewe anasema sasa hivi angewapa lengo tofauti kwa vikundi, mradi isitangazwe nani yuko kundi gani.

Makundi ya nyumbani yalishindwa kwa sababu ya ramani tu. Yalipangwa kwa majina ya vitongoji, na kitongoji kimoja huku kwetu kinaweza kuwa na mabonde mawili. Na kuhusu vibarua vya Novemba, hapo shule ilikosa neno kabisa, hakuna aliyezungumza na wazazi kabla, wakati kila mzazi alijua vinakuja.

Kilichobadilishwa baada ya hapo

Jedwali la pointi sasa hufanywa kidato cha pili, kabla ya kuchagua mkondo, na mwalimu wa Uraia ndo hulifundisha kwasababu Madam hana pindi. Kikao cha wazazi cha Oktoba kimeongezewa ajenda ya vibarua, na wazazi wawili walisimama wakasema wazi kwamba ile hela ndo inanunua sare za Januari, kwahiyo makubaliano yakawa ni vibarua vya mchana baada ya masomo na Jumamosi.

Madam aliendelea na darasa lile kidato cha nne. Yule kijana wa kujitolea alipata kazi Machi akaondoka, na swali moja kwa siku likawa maswali mawili kwa wiki. Matokeo yao ya mwisho siyaweki hapa, shule ni ndogo na ingetambulika.